Android ni Linux, sawa. Boksi lako bado halitawaka kwa Ubuntu ya kupakua tu

"Mkuu, nimepakua Ubuntu ya arm64, nimeichoma kwenye flashi kwa Rufus, lakini boksi linapitiliza moja kwa moja hadi Android. BIOS yake inaingiwaje? Kwani Android si ni Linux?"

Huyu ni wa juzi, mwenye boksi la TV la Android. Wa mwezi uliopita aliuliza hayohayo, jina la boksi tu ndilo tofauti. Basi naandika mara moja, kuanzia leo nitakuwa natuma linki.

Android ni Linux kwa maana ya kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa, hilo halina ubishi. Lakini kerneli iliyomo humo ni ya mtengenezaji wa chipu, toleo la 3.14 kwenye maboksi ya mwanzo yenye chipu ya S905 ya Amlogic, 4.9 kwenye mengi yaliyofuata, na imetiwa viraka vyake ambavyo haviko kwenye kerneli rasmi ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Kujua kwamba ndani kuna Linux hakukusaidii chochote kuwasha Linux nyingine.

Kompyuta ya mezani ina UEFI (BIOS ya kisasa), ina majedwali ya ACPI yanayoorodhesha vifaa, na vifaa vyake vingi viko kwenye PCI au USB, ambako kerneli inaweza kuuliza "wewe nani?" ikajibiwa. Ndani ya chipu kama Amlogic S905X hakuna wa kuulizwa. Mlango wa seriali uko kwenye anwani fulani ya memori, kidhibiti cha kadi kwenye anwani nyingine, na kila kimoja kina saa yake na pini zake. Kerneli ni mgeni aliyeshushwa usiku kwenye nyumba isiyo na taa wala mwenyeji, na ramani pekee atakayokuwa nayo ni ile uliyompa mkononi. Ramani hiyo ndiyo dtb (device tree blob), faili dogo linaloorodhesha vifaa vya bodi. Zamani mambo haya yaliandikwa ndani ya kerneli yenyewe, bodi moja na faili lake la C, mpaka mwaka 2011 Torvalds akachoshwa na vurugu za ARM na kusema waziwazi. ARM ikahamia dtb, utaratibu ambao PowerPC walikuwa nao tayari. BIOS haipo. Acha kubonyeza Delete.

Kuhusu kuwaka kwenyewe nitapita haraka. ROM iliyo ndani ya chipu inasoma butiloda (programu ya kuwashia) kutoka eMMC, hifadhi ya ndani ya boksi, butiloda inafikia hatua yake ya mwisho, U-Boot, na U-Boot ya kiwandani (kwenye maboksi mengi ya Amlogic ni toleo la 2015.01) inaita kerneli ya Android. Haina habari na ISO wala GRUB, butiloda ya Linux za kompyuta. Ndiyo maana kadi ya Armbian au CoreELEC, Linux zilizoandaliwa kwa vifaa kama hivi, inakuja na faili linaloitwa aml_autoscript. Chomeka kadi, ingiza kijiti cha meno kwenye tundu la AV, ambako kitufe cha reset kimefichwa, mpaka ukisikie kikibofya, shikilia, chomeka umeme. U-Boot inaendesha lile faili, inabadilisha maagizo yake ya kuwasha na kuyahifadhi kwenye eMMC. Tangu hapo kila ukiwasha itatazama kadi na flashi kwanza. Ukichomoa kadi, Android yako iko palepale, haijaguswa.

Ushikilie kwa muda gani? Maelekezo mengi yanataja sekunde kana kwamba yamepimwa maabara. Ukweli ni kwamba kila boksi lina tabia yake. Mimi naachia nembo ikitokea mara ya pili, na isipokubali narudia. Mengine hayana kitufe hicho kabisa, ni tundu la AV tu, na unaweza kuchokonoa mpaka jioni.

Sasa dtb, ambako ndiko uvumilivu wangu unakoishia.

Kwenye kadi ya Armbian fungua extlinux.conf. Utakuta mstari kama huu, unaotaja dtb ya kutumia:

FDT /dtb/amlogic/meson-gxl-s905x-p212.dtb

Mstari huo ndio unaoamua kila kitu, na ndio watu wanaouruka. Hizo p212, p281, q200 si majina ya maboksi. Ni bodi za mfano za Amlogic, ambazo viwanda hunakili kila kimoja kwa kubana gharama kivyake. Chukua chipu ya S912: kuna meson-gxm-q200 na meson-gxm-q201. Chipu ni ileile. Tofauti kubwa ni mtandao: q200 inatarajia chipu ya nje ya gigabiti, q201 inatumia ile ya ndani ya megabiti 100. Ukikosea hapo, Linux inawaka vizuri kabisa, lakini waya wa mtandao unakuwa kamba ya kuanikia nguo. Halafu mtu anakuja kusema "Armbian haina draiva."

Kuna wajanja zaidi. Wanachomoa dtb kutoka kwenye Android yao wenyewe, wanaiweka kwenye Armbian yenye kerneli mpya, na hoja yao inasikika ya busara: hii si ndiyo ramani halisi ya bodi yangu? Ni halisi, lakini imeandikwa kwa lugha ya kerneli nyingine. Dtb ya kiwandani inaita seriali "amlogic, meson-uart", na hiyo nafasi baada ya koma imo kweli. Kerneli mpya inatafuta "amlogic,meson-gx-uart". Majina hayalingani, draiva haijishughulishi, skrini nyeusi, hakuna hata mstari wa kosa. CoreELEC inawaka kwenye maboksi mengi kwa sababu inatumia kerneli ya mtengenezaji pamoja na dtb za mtindo huohuo. Kwa hiyo "CoreELEC imekubali, kwa nini Armbian inagoma?" si kitendawili. Ni kerneli mbili zenye ramani mbili.

Na skrini nyeusi yenyewe haina maana kwamba boksi limekufa. Chomeka waya wa mtandao, fungua ukurasa wa rauta, tazama kama kuna anwani mpya, jaribu kuingia kwa SSH. Ukitaka uhakika, nunua adapta ya seriali ya volti 3.3, unganisha kwenye nukta za bodi, weka 115200. U-Boot itakueleza imesoma nini na imekwama wapi. Bila seriali, nakiri, kuchagua dtb ni kubahatisha kwa adabu: unaanza na ile ya chipu yako, unajaribu ndugu zake mmoja mmoja. Na hata ile iliyokubali siiamini moja kwa moja. Boksi linaweza kuwaka huku mpangilio wa volteji si wake, na usijue mpaka lianze kuganda lenyewe.

Kinachofanya kazi iwe ngumu zaidi ni kwamba kilichoandikwa nje hakiaminiki. Jina la T95 na ndugu zake limebandikwa kwenye maboksi ya chipu za Amlogic na za Allwinner vilevile, na kwa Allwinner habari yote ya aml_autoscript haikuhusu. "4GB/64GB" inaweza kuwa stika, na Android ikarekebishwa iseme kama stika. Linux ikishawaka andika free -h uone RAM halisi. Hata chipu zenyewe zimewahi kusema uongo: S905 ilitangazwa kwa GHz 2, na mwaka 2016 ikabainika haivuki 1.5, kwa sababu programu iliyofungwa ndani ilikuwa inaipokea kerneli ikiomba 2, inaitikia ndiyo, kisha inabaki palepale. Kwa hiyo fungua mfuniko, ondoa kile kipande cha alumini, soma chipu kwa macho yako.

Maboksi ya makampuni ya king'amuzi yaliyofungwa kwa funguo ndani ya chipu, achana nayo. U-Boot yake haikubali kitu kisicho na sahihi, na hakuna kijiti kitakachobadilisha hilo.

Kuhamishia Linux kwenye eMMC: usifanye hivyo mpaka imekaa vizuri kwenye kadi na nakala ya eMMC iko kwenye kompyuta yako. Wanaotupia amri ya kunakili ya dd tangu mwanzo wa diski wanafuta butiloda, kisha wananiuliza kwa nini hata taa haibadiliki rangi. Kutoka hapo mara nyingi ni kufungua bodi na kugusanisha nukta ili ROM ikubali USB.

Wi-Fi nayo ni bahati nasibu. Ukifungua boksi ukakuta chipu ya Wi-Fi ya SSV6051, usipoteze jioni yako, nunua adapta ya USB au tumia waya.

Ukikwama baada ya yote haya, nitumie picha ya chipu kuu na ya Wi-Fi, mstari wa FDT ulioutumia, na kilichotoka kwenye seriali. Picha ya katoni usitume.