Mwanafunzi Msumbufu Chuoni: Mwite Faragha Kabla ya Kumkaripia

Wahadhiri wapya ninaowafunza mbinu za kufundishia huniuliza mara kwa mara wamfanye nini mwanafunzi anayekatiza mhadhara kwa ubishi usiokwisha, na wengi wao huwa wamekwisha kumkaripia mbele ya wenzake. Ninaipinga njia hiyo, kwa sababu mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, na mtu mzima akiaibishwa hadharani hutafuta kwanza kuilinda heshima yake, hata kama anajua fika kwamba amekosa.

Mwanasaikolojia wa elimu Jacob Kounin, katika utafiti wa shule aliouchapisha mwaka 1970, aligundua kwamba walimu wenye madarasa tulivu walitofautiana na wenzao hasa kwa jinsi walivyoendesha somo kabla vurugu haijazuka. Kwa upande wa vyuo vikuu, mwanasaikolojia Robert Boice alionyesha mwaka 1996 kwamba mhadhiri mwenyewe huchangia utovu wa adabu, kwa mfano anapofundisha kwa kasi mno au anapowatendea wanafunzi kwa ubaridi tangu siku za mwanzo za muhula. Kwa hiyo taratibu za kuchelewa, simu na uwasilishaji wa kazi ziandikwe katika muhtasari wa kozi na zijadiliwe na darasa juma la kwanza.

Usumbufu mdogo ukitokea, mara nyingi inatosha kunyamaza kidogo au kusogea karibu na anayezungumza. Ukirudiwa, mwite mhusika ofisini na umweleze kitendo chenyewe: “Katika kipindi cha jana uliwakatiza wenzako walipokuwa wakijibu.” Usimwite mkorofi, maana jina hilo atalikana na mazungumzo yataishia hapo. Kisha muulize kuna nini, unyamaze, umsikilize hadi mwisho, jambo ambalo sisi tuliozoea kuhutubia hulipata kwa shida. Kinachoonekana kuwa kiburi huweza kuwa hofu ya kufeli, uchovu wa kazi za usiku au msiba ambao hakuna aliyeuulizia. Kusikiliza huko hakumwondolei wajibu. Kabla hajaondoka, kubalianeni atabadilisha nini, na siku hiyohiyo umtumie barua pepe fupi inayothibitisha makubaliano hayo, kwa kuwa bila maandishi kila mmoja atakumbuka lake.

Anayelalamikia alama asijibiwe papo hapo akiwa na hasira. Mwombe asome upya maoni ya msahihishaji, kisha alete hoja zake kwa maandishi, na umweleze wazi utaratibu wa rufaa ikiwa hataridhika na jibu lako.

Vitisho ni suala jingine kabisa. Mwanafunzi anayetishia kukudhuru, kumdhuru mwenzake au kujidhuru mwenyewe hapaswi kuachwa mikononi mwa mhadhiri mmoja. Taarifa ifike siku hiyohiyo kwa mkuu wa idara, mshauri wa wanafunzi na, penye hatari ya papo hapo, walinzi wa chuo.