Kukopi na kupesti sio kutumia programu upya

Watu wakisikia taasisi ya serikali bado inaendesha mfumo wa COBOL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyobuniwa 1959, wanasema tupa huko tuanze upya. Jamani, taratibu kwanza. Mle ndani kuna kanuni za miaka na miaka, nani anastahili pensheni, aliyehama idara anahesabiwaje, na mara nyingi hazijaandikwa popote zaidi ya kwenye hiyo programu, na aliyeiandika kashastaafu.

Tatizo kubwa ninaloliona mimi ni jingine. Kijana wa IT anaambiwa tunataka mfumo wa likizo haraka, anaingia kwenye mfumo wa mishahara, anakopi kile kipande kinachopiga hesabu ya miaka ya utumishi, anapesti, kinafanya kazi, bosi anafurahi. Mwakani kimepestiwa tena kwenye pensheni, na kila mtu amekigusagusa kidogo, huyu kahesabu miezi ya majaribio ya kazi, yule kaitoa. Matokeo yake mtumishi huyohuyo mmoja mishahara inamwona ana miaka 15, likizo inasema 14, na sheria ikibadilika hakuna anayejua nakala ziko ngapi.

Kutumia upya kwa mpangilio ni kwamba hesabu ile inakaa sehemu moja tu, ina mwenyewe, ina namba ya toleo na majaribio yake, mifumo mingine inaiita pale inapoihitaji. Wala sio wazo jipya, mtaalamu wa kompyuta Douglas McIlroy alilileta kwenye mkutano wa NATO kuhusu utengenezaji wa programu kule Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, akitaka programu zitengenezwe kama vipuri vya kiwandani. Kinachokwamisha mpaka leo kwa maoni yangu ni bajeti zaidi kuliko teknolojia, maana hela inatoka kwa mradi, mradi ukiisha kile kipande cha wote kinabaki yatima.

Na sio kila kilichofanya kazi huko nyuma kinahamishika hivihivi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ililipuka kama sekunde 40 tu baada ya kuruka, sababu programu ya kuongozea ilitoka Ariane 4, roketi iliyoitangulia, roketi mpya ikawa na kasi kubwa zaidi ya kwenda pembeni, namba ikazidi uwezo wa nafasi ya biti 16 ambayo mwisho wake ni 32,767. Programu haikuharibika, mazingira ndio yalibadilika. Kwa hiyo andikeni mipaka: hesabu hii inakubali tarehe za kuanzia lini, mwaka una tarakimu mbili au nne, mtu mwenye ajira mbili inamfanyaje.

Kwa mfumo mkongwe huna haja ya kuung'oa wote. Weka huduma mbele yake, yaani programu ya kati inayopokea maombi na kurudisha majibu, mifumo mipya iongee na hiyo huduma, nyuma unatoa kipande kimoja kimoja. Kabla ya kugusa chochote pitisha rekodi za zamani kwenye mfumo mkongwe, hifadhi majibu, halafu linganisha na ya kipande kipya, na yakitofautiana usikimbilie kusema la zamani limekosea, muulize kwanza afisa wa pensheni maana huenda ni kanuni halali ambayo nyie hamkuwahi kuisikia.

Anzeni na vidogo vinavyorudiwa kila mahali, kuhakiki namba ya mtumishi, kuhesabu tarehe. Ripoti za idara mojamoja ziacheni zilivyo, hizo hakuna mfumo mwingine unaozihitaji.