Mguu wa peke yake si taka: yanayosemwa Kigoma kuhusu sanamu za kuunganisha

Jumamosi, soko la Mwanga. Robota la midoli ya mtumba limefunguliwa alfajiri, na kufika saa nne wachambuaji wameshamaliza kazi. Vizima viko mbele juu ya turubai: magari, wanyama, midoli yenye nywele. Nyuma, ndani ya karai, kumetupwa vile ambavyo muuzaji huviita vilema: mikono, vichwa, vifua visivyo na miguu. Humo ndimo nilimookota mguu wa plastiki wa rangi ya zambarau, karibu shubiri nzima kwa urefu, mzito kuliko ulivyoonekana.

"Huo chukua tu, mwanangu," mama muuzaji aliniambia. "Umevunjika."

Haukuwa umevunjika. Hapo ndipo nilipoona kuna haja ya kuandika, maana maneno yanayozunguka hizi sanamu za kuunganisha, sokoni na hata majumbani, yanafanya vitu vizuri viishie jalalani Kigoma Ujiji kila wiki.

"Kiungo kilicho peke yake kimevunjika"

Mara nyingi hakikuvunjika, kilitoka kiwandani hivyo hivyo. Kuna sanamu kubwa za mashujaa na maadui wao ambazo dukani huzipati zikiwa nzima. Kampuni inatengeneza kundi la sanamu ndogo, tuseme sita au saba, kila moja kwenye pakiti yake. Pembeni ya kila sanamu ndogo kunawekwa kiungo kimoja cha lile jitu: pakiti hii ina mguu wa kulia, ile ina kifua, nyingine ina kichwa. Ukikusanya kundi zima, unaunganisha jitu. Mtoto wa Ulaya au Marekani akinunua mbili tu kisha akaacha, vile viungo viwili vinakaa kwenye sanduku lake la midoli miaka kumi, sanduku linatolewa sadaka, linafungwa robota, linavuka bahari. Kinachofika Mwanga ni mguu.

Namna ya kutofautisha ni kutazama pale kiungo kinapoishia. Mguu wangu ule ulikuwa na kijiti kifupi kwenye paja, chenye kichwa kama uyoga, laini pande zote, kipana juu na chembamba shingoni. Kijiti cha namna hiyo kimetengenezwa kiingie kwenye tundu na kujibana humo. Plastiki iliyovunjika haiko hivyo. Utaona uso wenye kwaruzo, na mara nyingi rangi imepauka ikawa nyeupe kuzunguka jeraha, kwa sababu plastiki ikivutwa kupita uwezo wake hugeuka nyeupe kabla ya kukatika. Ukishika kiungo juani na kukizungusha, nusu dakika inatosha kujua.

"Ni ujanja wa juzi, umeletwa na sinema"

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko vijana wengi wanaobishana juu yake. Mwaka 1985 kampuni ya Hasbro ya Marekani waliuza jitu liitwalo Devastator katika Transformers, midoli yao ya roboti zinazogeuka magari, na asili yake ilikuwa midoli ya kampuni ya Takara ya Japani. Alikuwa mitambo sita ya ujenzi ya rangi ya kijani, na kila mtambo ulikuwa roboti kivyake: tipa, kreni, buldoza, gari la kuchanganya zege, katapila la kuchimba na la kuzoa. Ungeweza kununua mmoja mmoja hadi utimize sita, au kununua seti yote kwa pamoja. Vikikutana, kreni inakuwa kifua, tipa inakuwa kiuno, buldoza na katapila la kuchimba zinakuwa mikono, na mbili zilizobaki zinasimama kama miguu. Pale kila kiungo kilikuwa mdoli kamili.

Kiungo kisicho na kazi nyingine ila kumsubiri mwenzake kilipata umaarufu mwaka 2005. Kampuni ya Toy Biz, waliokuwa wakitengeneza Marvel Legends, mfululizo wa sanamu za mashujaa wa Marvel, tangu 2002, walifika kundi la tisa na kumgawa jitu Galactus vipande vipande ndani ya pakiti za wengine. Sanamu za kawaida za mfululizo ule zina kimo cha sentimita 15 hivi. Galactus akikamilika anafika kama 40. Hasbro walichukua kazi hiyo mwaka 2007 wakaendeleza mtindo. Mwaka uliofuata kampuni ya Mattel wakaingia na mashujaa wa DC, akina Superman na Batman, na mwaka huohuo Hasbro wakaanza kuweka viungo vya roboti za Star Wars ndani ya pakiti za wahusika wengine.

"Kile kiungo ni zawadi ya bure"

Hapana. Plastiki yake, rangi yake na kalibu iliyokimimina vimo ndani ya bei uliyolipa. Kiungo kimewekwa pale kwa sababu katika kila kundi kuna mhusika mmoja au wawili wasiopendwa, ambao wangebaki wakining'inia dukani hadi vumbi liwafunike. Ukimpa huyo asiyependwa mguu wa kushoto wa jitu ambalo kila mtu analitaka, naye atanunuliwa. Nasema hili bila kinyongo na kampuni yoyote, ila mzazi anayemnunulia mtoto sanamu ya kwanza ajue kuwa anaanza safari ya pakiti sita au saba. Kuna wanaonunua kundi zima kwa ajili ya jitu tu, kisha wanauza wale wadogo bila viungo. Ndiyo maana robota moja linaweza kuwa na sanamu tatu nzima zisizo na kiungo chochote cha jitu, na lingine viungo vitupu.

"Kitu cha vipande hakina uimara wa kitu kizima"

Hili nalisikia hata kwa watu waliozaliwa Kigoma, na hapo ndipo linaponishangaza. Meli ya Liemba ilifikaje Ziwa Tanganyika? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa tena, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha ikapandishwa reli ya kati. Hapa hapa Kigoma ikaunganishwa upya chini ya mafundi watatu waliotumwa kutoka huko, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Imebeba abiria, dagaa na magunia hadi karne hii. Babu zetu waliipokea ikiwa kwenye makasha.

Sanamu nayo, ikiungwa sawasawa, inasimama. Inayoyumba kwa kawaida ni ile iliyolazimishwa.

"Kiungo chochote kinaingia popote, sukuma tu"

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vitu vingi vinapofia. Vijiti vya kampuni moja havilingani na matundu ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja unene hubadilika mwaka hadi mwaka. Viungo vingine vina kijiti cha uyoga, vingine vina gololo linalozunguka ndani ya kikombe. Ukiona kijiti kinagoma, kwanza hakikisha ni cha mwili ule. Mimi nilishawahi kusukuma bega la kijani ndani ya kifua cha kijani, nikiamini rangi zinatosha kuwa ushahidi. Kifua kilipasuka kuanzia kwapani hadi shingoni, na kilikuwa kifua nilichokitafuta mwaka mzima.

Kama ni cha mwili ule na bado kinagoma, tumia maji ya moto. Sanamu nyingi zina plastiki za aina mbili: ABS, ngumu kama ya ndoo nzuri, na PVC, inayokubali kupinda kidogo. PVC hulainika kwenye moto mdogo. Chemsha maji, yaepue, yasubiri kidogo yaache kutokota, kisha chovya upande wenye tundu kama nusu dakika. Shika kwa kitambaa, ingiza kijiti taratibu huku ukizungusha kidogo, utasikia kimekaa. Chovya kwenye maji baridi ili umbo lishike. Mguu uliopindika safarini nao unanyooshwa hivyo hivyo. Watoto wakae mbali na sufuria.

Na tafadhali, acheni supaglu. Inaziba kiungo kisizunguke tena, mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya rangi, na sehemu iliyoshikwa ni kavu kiasi kwamba sanamu ikianguka sakafuni inakatika palepale, tena vibaya kuliko mwanzo.

"Imeandikwa China, kwa hiyo ni feki"

Sanamu halisi za kampuni kubwa zimetengenezwa China kwa miongo mingi, na nyingine Vietnam. Angalia chapa iliyochorwa ndani ya plastiki, mgongoni, chini ya unyayo au ndani ya paja: jina la mwenye haki na mwaka. Feki nyingi hazina chapa hiyo, au herufi zake zimefifia kama zilizonakiliwa mara ya pili. Mwaka huo ni wa haki na umbo, si lazima uwe ndio mwaka kiungo chako kilipotoka kiwandani, kwa kuwa kalibu ileile hutumika tena miaka ya mbele.

"Mtu mzima anachezea midoli ya wanawali"

Maneno haya yanauma, na vijana kadhaa ninaowafahamu Gungu wameficha makusanyo yao chini ya kitanda kwa ajili yake. Hasbro walipotoa G.I. Joe mwaka 1964 walikataa kumwita mdoli, wakabuni jina jingine kabisa ili wavulana wasione haya. Swali hilo lilifika hadi mahakamani. Sheria ya forodha ya Marekani ilitoza asilimia 12 kwa mdoli, yaani kitu kinachowakilisha binadamu, na asilimia 6.8 kwa kichezeo cha aina nyingine. Toy Biz wakashtaki wakidai sanamu zao za X-Men, mashujaa wa Marvel wenye maumbile yasiyo ya kawaida, si binadamu, na mwaka 2003 Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ikawakubalia. Waliokaa kupekua sanamu hizo moja moja, kucha na mikia, walikuwa watu wazima waliosomea sheria.

"Ukikamilisha jitu, umetajirika"

Bei hupanda likiwa adimu na hushuka likitolewa upya. Galactus yuleyule alirudi mwaka 2021, Hasbro walipomtoa kwa watu kuchangia mapema. Waliolipa walizidi 30,000, na alikuwa na kimo cha sentimita 81 hivi, mara mbili ya yule wa viungo. Kusanya kwa sababu unakipenda.

Lenye uzito kuliko bei ni hili: viungo vidogo si vya mtoto chini ya miaka mitatu. Kipimo cha usalama kinachotumika Marekani na Ulaya ni kopo dogo lenye upana wa ndani wa milimita 31.7, kinachozama chote humo kinaweza kumkaba mtoto. Mkono wa jitu hauzami, lakini kofia, kisu na ngumi za kubadilisha huzama, na ndivyo vinavyojaa chini ya karai. Mama mwenye mtoto anayetambaa asinunue fungu la vilema bila kulichambua kwanza.

Kuhusu kutunza: chini ya bati letu, mchana, boksi lililofungwa hupata joto kali, na plastiki laini ya zamani hutoa utomvu unaonata. Haijaoza. Ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, iache ikauke kivulini, iweke sehemu yenye hewa. Jua nalo hugeuza nyeupe kuwa njano, kwa hiyo usiipange dirishani.

Mama wa Mwanga sasa ana kopo la rangi la lita nne, ambamo anaweka kila kiungo chenye kijiti kizima, mbali na vilivyovunjika. Wiki iliyopita alinipigia simu: umepatikana mkono wa zambarau. Nilikwenda na mguu wangu kwenye mfuko, nikavilinganisha juani mbele ya turubai lake. Rangi ni ileile, chapa ni ileile, mwaka ni uleule. Kifua bado. Amesema robota lingine linafunguliwa Jumamosi.