Yai la samaki kuvimba si ushahidi kwamba limerutubishwa

Wanaototolesha samaki wengi hukosea hapa: yai likivimba ndani ya maji na ganda likajitenga na kiini, wanashangilia kwamba limeshika. Tazama kwa hadubini yai la Danio rerio, kisamaki cha milia cha mito ya Asia Kusini kinachopendwa na maabara. Kinacholiamsha ni maji yenyewe. Yai ambalo halijaguswa na mbegu hata moja nalo huinua ganda, na ute wake hujikusanya juu ya kiini ukawa kijikuba. Ukiliangalia wakati huo, utaapa kwamba kuna mtoto humo!

Mbegu ya dume haitoboi ganda popote ipendapo. Hupita kwenye kitundu kimoja tu, mikropili, chembamba kiasi cha kupitisha mbegu moja kwa wakati. Nayo haina siku nzima ya kukitafuta: ikishaguswa na maji yasiyo na chumvi, huogelea kwa nguvu kwa takriban dakika moja, kisha huishiwa. Ndiyo maana kwa kambale, mayai yaliyokamuliwa huchanganywa kwanza na mbegu, maji yakafuata.

Basi utajuaje? Subiri. Kwa Danio, katika nyuzi joto 28.5, kijikuba hugawanyika kuwa seli mbili baada ya kama dakika 45; saa moja, seli nne; saa moja na nusu, 16, zikiwa zimelingana. Yai tupu linaweza kumegekamegeka, lakini ovyoovyo, vipande vikubwa kwa vidogo.