Je, Wajua kwa Nini Trela la Boti Huyumba Gari Linapoongeza Mwendo?

Si kila boti ya Tanga hufika inakokwenda kwa njia ya maji. Boti ndogo ya faiba iliyonunuliwa Dar es Salaam, ile inayopelekwa kwa fundi Pangani, au ile ya kutembeza wageni inayohamishwa kutoka Raskazone hadi Bagamoyo, aghalabu hupandishwa kwenye trela na kuvutwa na pikapu. Ndani ya mji, gari likienda kilomita 40 au 50 kwa saa, trela hufuata kwa utulivu kabisa. Likishaipita Pongwe na dereva akaongeza mwendo hadi 80, huenda trela likaanza kupeleka tezi, yaani nyuma ya boti, kulia, kisha kushoto, kila mara kwa upana zaidi, mpaka gari lenyewe likaanza kuburutwa huku na huku. Wengi husema ni upepo, au ni barabara, au ni dereva. Ni kweli kwamba upepo na shimo la barabarani vinaweza kuanzisha mtikisiko, lakini kinachoamua kama mtikisiko huo utazimika au utakua ni mahali uzito ulipokaa juu ya trela, na jambo hilo huamuliwa ufukweni kabla gari halijawashwa.

Trela la boti ndogo kwa kawaida lina ekseli moja, na gari hulishika sehemu moja tu, kwenye tufe la chuma lililofungwa nyuma yake, ambalo juu yake hukaa kichwa cha mkono wa trela. Juu ya tufe hilo trela lina uhuru wa kugeuka kulia na kushoto, na hakuna kinacholirudisha kwenye mstari isipokuwa tairi zake. Linapokwenda upande kidogo, tairi hujikuta zimeelekea njia moja ilhali zinapitishwa njia nyingine, na mpira wake, ukikazana na lami, huzaa nguvu ya ubavuni inayopinga mwendo huo. Nguvu hiyo hufanya kazi pale ekseli ilipo. Kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa mbele na nyuma husawazika, kikiwa mbele ya ekseli, nguvu ya tairi hubaki nyuma yake na huivuta tezi irudi kwenye mstari. Kitovu kikiwa nyuma ya ekseli, uzito uliokwisha kuanza kwenda upande huendelea kwenda upande, na tairi, zikiwa mbele yake, haziwezi kuusimamisha kwa wakati.

Kwa nini basi jambo hili halionekani kwenye mwendo mdogo? Nguvu ya ubavuni ya tairi hutegemea pembe iliyopo kati ya uelekeo wa tairi na njia inayopita kwa kweli. Tezi ikienda upande kwa kasi ile ile, trela linalokwenda polepole huipa tairi pembe kubwa, na linalokwenda mbio huipa pembe ndogo. Kwa hiyo mwendo ukiongezeka mara mbili, uwezo wa tairi wa kuumeza mtikisiko hupungua karibu nusu. Kila gari na trela lake, kwa jinsi vilivyopakiwa siku hiyo, vina mwendo wa mpaka: chini ya mpaka huo kila yumbo huwa dogo kuliko lililotangulia, na juu yake kila yumbo huwa kubwa kuliko lililotangulia, sawa na bembea inayosukumwa kila irudipo. Mpaka huo haukuandikwa popote kwenye gari, na hubadilika mzigo unapobadilika. Trela lililotulia kwenye kilomita 80 safari iliyopita linaweza kuyumba kwenye 65 safari hii, kwa sababu tu madumu ya petroli yamewekwa tezini.

Hapa ndipo boti inapotofautiana na mizigo mingine, na ndipo dereva aliyezoea kuvuta trela la saruji au mbao anapodanganyika. Gunia la saruji hukaa unapoliweka. Boti huja na uzito wake umekwisha kuelemea nyuma, kwa kuwa mashine hufungwa kwenye ubao wa tezi, mwisho kabisa. Mashine ya farasi 40 ina uzito wa kilo 70 hivi. Tuchukue trela ambalo kutoka kwenye tufe hadi kwenye ekseli ni mita 4, na mashine iko mita 2 nyuma ya ekseli: peke yake inaupunguzia mkono wa trela kilo 35 za kukandamiza tufe. Yaongezwe madumu mawili ya lita 20 ya petroli, ambayo yana kilo 30 kwa pamoja, yakiwekwa pale pale karibu na mashine, na kilo nyingine 15 zimeondoka. Madumu hayo hayo yakisogezwa mita 1 mbele ya ekseli, mkono hupata tena zile 15 na karibu 8 zaidi. Ni madumu yale yale na trela lile lile. Lililo bora zaidi, hata hivyo, ni kusafiri na mafuta machache na kujaza huko unakokwenda. Wala petroli isipakiwe ndani ya gari pamoja na watu.

Maji ya ngamani, yaani yale yanayotuama chini kabisa ya boti, ni mabaya kuliko mashine, kwa sababu hayakai mahali pamoja. Boti iliyolala nje usiku wa masika inaweza kuwa na lita 100 za maji chini ya mbao za sakafu bila mtu kuyaona, na lita 100 ni kilo 100. Gari likipanda mlima, maji yote hukimbilia tezini, na uzito uliokuwa ukiukandamiza mkono wa trela unaweza kwisha papo hapo. Boti ikiwa juu ya trela, nguruzi (kizibo cha tundu la kutolea maji) itolewe, omo, yaani mbele ya boti, iinuliwe kwa jeki, na maji yaachwe yatoke hadi tone la mwisho kabla ya safari. Nguruzi yenyewe ifungwe kwa kamba mahali inapoonekana, ili isisahauliwe wakati wa kushusha.

Kipimo kinachokubalika kwa trela la boti ni kwamba mkono wake uikandamize tufe kwa asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote wa trela na boti. Kwa matrela ya mizigo mingine hutajwa 10 hadi 15. Boti na trela vikiwa na kilo 600, basi mkono uwe na kilo 42 hadi 60. Hakuhitajiki chombo cha kigeni kupima hilo. Gari likiwa limeegeshwa mahali tambarare na trela limefunguliwa, magurudumu ya trela yakazuiwa kwa mawe, mkono hukalishwa juu ya kipande cha mti kilichosimamishwa kwenye mizani ya kawaida ya kupimia watu, kwa kimo kile kile ambacho mkono huwa nacho ukiwa kwenye tufe. Mizani husoma jibu. Likiwa dogo mno, boti isogezwe mbele, au fundi alegeze boliti za ekseli na kuirudisha nyuma kidogo. Likiwa kubwa mno, nyuma ya gari huinama, tairi za mbele huwa nyepesi na usukani hupoteza nguvu, jambo ambalo nalo ni la hatari.

Wapo wanaotundika nanga na mnyororo wake omoni ili kuilipa mashine iliyo tezini. Mizani itaonyesha namba nzuri, lakini mimi sishauri hivyo. Uzito uliogawanywa ncha mbili za trela refu, ukishaanza kuzunguka, ni mgumu kuusimamisha kuliko uzito ule ule uliolazwa karibu na ekseli. Nanga, maboksi ya barafu na nyavu vikae katikati ya boti, mbele kidogo ya ekseli, na vifungwe.

Kosa moja huzaliwa ufukweni wakati wa maji kupwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hukimbia haraka, watu wanahofia trela lisizame kwenye mchanga, na boti inavutwa mpaka “imekaa” bila kufika kwenye kizuizi cha omo. Pengo la shubiri mbili baina ya omo na kizuizi, kwa boti nzima ya kilo 400, linatosha kuondoa zaidi ya nusu ya uzito uliohitajika mkononi. Gari likifika penye ardhi ngumu, winchi (kifaa cha kuvutia boti kwa kamba) ikazwe tena mpaka omo iguse, kisha tezi ifungwe chini kwa mikanda miwili, mmoja kila upande. Kamba ya winchi peke yake haizuii boti kuruka kwenye matuta.

Kichwa cha mkono kinastahili kutazamwa kwa jicho na kuguswa kwa mkono. Kuna nyakati ulimi wa kufungia hulala kana kwamba umefunga, kumbe kichwa kimekaa juu ya tufe bila kulimeza. Namna ya kuhakikisha ni kuingiza kidole chini na kuhisi kama ulimi umelishika tufe kwa chini, kisha kuuinua mkono kwa jeki: ikiwa umeshika, nyuma ya gari itainuka pamoja nao. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono, ili kichwa kikichomoka mkono uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Taa za nyuma na kitambaa chekundu kwenye mashine iliyochomoza havihitaji maelezo marefu.

Tairi za trela lililokaa miezi chini ya mwarobaini hupoteza upepo bila kuonekana, na tairi laini hujipinda ubavuni, hivyo huchelewa kutoa ile nguvu ya kurudisha trela kwenye mstari. Zijazwe kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi au kwenye bati la trela. Beringi nazo zina adui wake, maji ya chumvi. Kitovu cha gurudumu kilichopata moto barabarani kikizamishwa baharini mara tu baada ya kufika, hewa iliyo ndani hupoa, hunywea na kuvuta maji ndani, na grisi huharibika. Gari lisubiri vitovu vipoe kabla ya kurudi nyuma majini, na baadaye trela lioshwe kwa maji baridi. Ukisimama Segera, weka kiganja karibu na kila kitovu. Kile kilicho moto kuliko mwenzake kina tatizo.

Barabarani, upepo una saa na mahali pake. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, barabara ya Tanga kwenda Segera hupigwa ubavuni kutoka kushoto, na penye mashamba ya mkonge hakuna mti wa kuukinga. Gari linalotoka penye minazi na kuingia uwanda wazi hupata pigo la ghafla. Basi linalokupita kwa kasi husukuma hewa mbele yake, na likishapita huacha nafasi inayovuta, kwa hiyo trela hupokea misukumo miwili ya pande tofauti kwa kufuatana. Mteremkoni trela hulisukuma gari badala ya kuvutwa. Dereva apunguze mwendo kabla ya mambo hayo, akitumia gia mteremkoni, wala asingoje yamkute.

Na likianza kuyumba? Mkono wa kila dereva hutaka kugeuza usukani kinyume na trela. Lakini yumbo moja la kwenda na kurudi huchukua sekunde moja au mbili tu, na mtu huhitaji sehemu kubwa ya muda huo kuona na kutenda; marekebisho yake hufika trela likiwa limekwisha kugeuka, nayo huwa msukumo mpya. Kukanyaga breki kwa nguvu ni vibaya zaidi, kwa kuwa trela lisilo na breki zake huendelea na mwendo na kuisukuma nyuma ya gari upande. Kuongeza mafuta ili “kulinyoosha” hulipeleka trela mbali zaidi juu ya mwendo wake wa mpaka. Kinachofaa ni kuushika usukani imara ukiwa umenyooka na kuachia pedali ya mafuta, gari lipungue lenyewe mpaka lirudi chini ya mpaka huo. Kama trela lina breki zinazoweza kukamatwa peke yake, hizo zikamatwe kidogo kidogo.

Likishatulia, simama mahali salama nje ya lami. Tazama kama boti imerudi nyuma, kama kuna maji ngamani, kama tairi imelegea, kama madumu yameteleza. Hamisha uzito mbele, kaza mikanda, na uendelee kwa mwendo ulio chini vya kutosha ya ule ulioanzisha kuyumba, hata kama basi lililo nyuma yako linapiga honi.