Vidole Vinavyopauka Kwenye Ubaridi: Tuijue Skleroderma Mapema

Dar es Salaam si mji wa baridi, na hilo ndilo linalotuponza. Ugonjwa ninaoufanyia utafiti, skleroderma, huanza, kwa walio wengi, kwa vidole kubadilika rangi vikikutana na ubaridi, na hapa kwetu ubaridi wenyewe unapatikana kwa kudonoadonoa. Anayefanya kazi Posta anaupata kwenye kiyoyozi, muuza samaki wa Feri anaupata akizamisha mikono kwenye barafu, mwenye duka Manzese anaupata akitoa soda kwenye friji. Vidole vinakufa ganzi, vinauma, vinapauka, halafu baada ya dakika kadhaa vimerudi kama kawaida. Mtu anajisemea damu haitembei vizuri, anavisugua, maisha yanaendelea. Anapokuja kutuona, mara nyingi ngozi imeshakaza na mapafu yameshaguswa.

Hali hiyo ya vidole inaitwa Raynaud, kwa jina la daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliyeieleza mwaka 1862. Vitabu hufundisha kwamba vidole huwa vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu. Maelezo hayo yalitokana na ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu, kwa nje kidole huwa cha kijivujivu tu. Mabadiliko yaangalie upande wa kiganja na chini ya kucha, ndiko yanakoonekana. Na nisikutishe: wengi wenye Raynaud hawana ugonjwa wowote mwingine, hasa wasichana walioanza kuiona tangu wakiwa shuleni. Ninayetaka kumwona haraka ni yule aliyeanza kuiona ukubwani, ambaye vidole vimevimba hadi pete haitoki, au ncha za vidole zina vidonda visivyopona, au amekuwa na kiungulia kisichoisha na chakula kukwama kifuani.

Skleroderma ni mojawapo ya magonjwa ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Iko familia moja na lupasi na baridi yabisi ya viungo, na kama hizo, huwapata zaidi wanawake, wengi wakiwa kati ya miaka 30 na 50. Kinachoitofautisha ni kovu. Mishipa midogo ya damu inaharibika, kinga inavurugika, na chembe zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara, ambazo kazi yake ni kuziba jeraha kisha kuacha, zinaendelea kuitengeneza hata pasipo jeraha. Ngozi inakuwa nene na kukaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Kwa baadhi ya watu inaishia vidoleni, kwenye viganja hadi viwiko na usoni; kwa wengine inapanda mpaka mikono ya juu, kifua na mapaja, na hao ndio tunaowahofia zaidi figo na mapafu. Haiambukizi. Kula naye sahani moja, lala naye kitanda kimoja, hutaipata.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine kubwa mwanzoni. Namwambia mgonjwa aunganishe viganja kama anayesali. Vidole vikikataa kunyooka, naona mwanga unapita katikati. Namwambia afungue mdomo, nijue kama vidole vyake vitatu vikisimamishwa vinaingia. Kisha nafinya ngozi sehemu 17 za mwili na kuipa kila moja alama kuanzia 0 hadi 3, ili miezi sita baadaye tujue kama imelegea au imezidi kukaza. Mwisho naweka tone la mafuta kwenye mzizi wa kucha na kuangalia kwa kioo cha kukuza. Mishipa ya damu pale huwa imejipanga kwa mstari, midogo kwa midogo. Kwa mwenye skleroderma kuna iliyovimba, kuna iliyovuja damu, kuna sehemu imetoweka kabisa. Kwangu hicho ndicho kipimo kinachosema mengi kwa gharama ndogo kuliko vyote, na nasikitika kwamba hakitumiki zaidi.

Damu nayo tunaipima. Kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, hutoka chanya kwa zaidi ya 9 kati ya 10 ya wenye skleroderma, lakini hutoka chanya pia kwa watu wenye afya njema kabisa, na maambukizi ya kawaida yanaweza kukipandisha. Kwa hiyo aliyepima kwa udadisi akapewa karatasi imeandikwa “ANA chanya” hana ugonjwa kwa sababu ya karatasi. Tunaangalia mtu kwanza.

Kabla ya kufika kliniki, wagonjwa hawa wanakuwa wamepewa majina mengi. Kiungulia kimetibiwa kama vidonda vya tumbo, dozi juu ya dozi. Kikohozi kikavu na pumzi kukatika vimetibiwa kama kifua kikuu japo makohozi hayakuonyesha vimelea. Ngozi inayopoteza rangi kwa vidoadoa, nyeusi na nyeupe zikichanganyika, imempa mama wa watu jina la mpaka mkorogo ambaye hajawahi kushika kopo la krimu. Vidole vilivyopinda vimefanya jirani aseme ni ukoma. Tofauti ipo: kwa ukoma, baka la ngozi halihisi mguso, kwa skleroderma, ngozi ni ngumu lakini inahisi, tena inauma. Na wapo wanaoambiwa ni mkono wa mtu, wakachanjwa chale kwenye vidole ambavyo damu yake ni ya shida. Chale hizo hazifungi. Mtu aende kuombewa akipenda, sina ugomvi na hilo, lakini wembe usiguse vidole hivyo.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima raha kuliko yote: prednisoloni ya duka la dawa. Inanunuliwa kwa bei ya chini, wakati mwingine bila cheti, na mwenye maumivu ya viungo anaiona kama muujiza kwa sababu wiki ya kwanza anaamka mwepesi. Kwa lupasi au baridi yabisi, daktari huitumia kwa mpango. Kwa skleroderma iliyoenea mwilini, kumeza miligramu 15 kwa siku au zaidi, yaani vidonge vitatu tu vya miligramu 5, kunahusishwa na hatari ya figo kushindwa ghafla. Presha inapanda ndani ya siku chache, kichwa kinapasuka, macho yanaona ukungu, mkojo unapungua. Zamani wengi waliopatwa na hali hiyo walikufa ndani ya mwaka. Kilichogeuza mambo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ni dawa za presha za kundi la kaptopri, ambazo leo ni za bei nafuu na zipo mjini. Lakini zinaokoa zikianzwa mapema, tena hospitali. Si za kumeza ukiwa mzima kwa kujikinga. Na kama umeshaitumia prednisoloni kwa muda mrefu, usiikatishe ghafla peke yako, kwani mwili unaweza kuanguka. Njoo ipunguzwe kwa utaratibu.

Mwenye skleroderma iliyoenea awe na mashine ya presha nyumbani, au aende kupima kwenye zahanati ya jirani mara kwa mara, hasa miaka ya mwanzo ya ugonjwa. Namba ya juu ya presha iliyokuwa 110 ikifika 150 si ya kusubiri Jumatatu.

Mapafu ndiyo yanayoua zaidi siku hizi. Kovu linaanzia chini, na kwa kisikilizio nasikia vipasuko vidogo mgonjwa akivuta pumzi, wakati yeye bado anajiona mzima. Ndiyo maana kila mgonjwa mpya anahitaji kipimo cha CT cha kifua, kupuliza mashine ya kupima pumzi, na ECHO, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hata asipokohoa. Dawa zinazotuliza kinga, kama mikofenoleti, zinaweza kuzuia kovu lisiendelee. Kovu lililokwisha kukomaa halirudi nyuma. Mikofenoleti na methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ni hatari kwa mimba, hivyo mazungumzo ya uzazi wa mpango yafanyike kabla ya dozi ya kwanza.

Utafiti wetu unahangaika na maswali ambayo majibu yake yametoka zaidi Ulaya na Marekani. Kule, kwa mfano, ilionekana kwamba wagonjwa weusi huanza kuugua wakiwa na umri mdogo zaidi, mapafu yao huathirika zaidi, na aina za kingamwili walizonazo si zile zinazowapata zaidi weupe. Je, Mtanzania naye ni hivyo? Hatuwezi kukopa jibu. Swali jingine ni vumbi. Mwaka 1957 daktari Erasmus alieleza skleroderma kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, na tafiti za baadaye zimelihusisha vumbi la silika, lile linalotoka kwenye mawe yanayosagwa, na ugonjwa huu, hasa kwa wanaume. Kwa hiyo mwanaume akija na vidole vilivyokaza, namuuliza kama amewahi kusaga mawe kwenye makarasha Geita au kwingineko. Utashangaa wangapi hawajawahi kuulizwa swali hilo, na hawakuona sababu ya kulisema.

Ukiombwa damu kwa ajili ya utafiti, una haki ya kuuliza itahifadhiwa wapi, itapimwa nini na kama itasafirishwa nje. Ukikataa, matibabu yako hayabadiliki hata kidogo. Mtafiti anayekasirika ukimuuliza, muache.

Kwa sasa, ukiwa na vidole hivi: acha sigara, vaa glavu unaposhika barafu, funika mwili mzima kwenye kiyoyozi na siyo mikono tu, na mwambie mfamasia kabla hajakupa dawa ya mafua, maana zile zenye sudoefedrini hubana mishipa. Siku vidole vikibadilika rangi, vipige picha kwa simu pande zote mbili, kwa sababu ukifika kliniki vitakuwa vimeshapona. Njoo na picha hiyo pamoja na vidonge vyote unavyomeza, vya hospitali na vya dukani, hata vile vilivyofungwa kwenye gazeti.