Hiyo damu ya sindano haijajificha popote

Naandika hili mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma tu kiungo. Ile hedhi usiyoiona ukiwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango au kijiti cha mkononi haijaganda tumboni, haijapanda kichwani, haigeuki faibroidi (uvimbe wa kizazi) na haihitaji kusafishwa. Haipo. Haikutengenezwa.

Wiki hii hapa Dodoma mjini kaja tena dada anataka kijiti kitoke. Mwaka wa pili huu, presha nzuri, uzito uleule, maumivu hana. Kilichomleta ni wifi yake wa Kongwa, aliyemwambia damu isiyotoka inaozea ndani. Nikamwuliza kama anatokwa uchafu wenye harufu. Hapana. Homa? Hapana. "Sasa nesi, inakwenda wapi?"

Swali zuri, na wengi wetu kliniki tunalijibu kwa "ni kawaida tu, mama", halafu tunashangaa mtu akienda kuuliza sokoni.

Kila mwezi, kama hutumii njia yoyote, homoni ya estrojeni inajenga utando ndani ya mji wa mimba. Yai likishapevuka, homoni nyingine, projesteroni, inauandaa kupokea mimba. Mimba isipotunga, homoni zinashuka, utando unabomoka na kutoka na damu. Sindano ya miezi 3 inalizuia yai lisipevuke na inauacha utando mwembamba mwezi hadi mwezi, na kijiti nacho huuacha mwembamba. Hakuna kilichojengwa, kwa hiyo hakuna cha kubomoka. Usipopanda uwele huendi ghalani kuuliza umekwenda wapi. Ukishachoma sindano mwaka mzima, kukosa siku zako kabisa ni jambo la karibu nusu ya wanawake. Kwa mwenye upungufu wa damu hiyo ni nafuu, kwa sababu damu yake inabaki kwenye mishipa, mahali pake. Na kuhusu faibroidi, sindano inaelekea zaidi kukinga kuliko kuleta.

Kinachonichekesha ni wanaohamia vidonge vya majira "ili wapate hedhi ya kweli". Vile vidonge 7 vya kahawia mwishoni mwa pakiti ni madini ya chuma tu. Homoni zimekatishwa kwa wiki moja, utando mdogo uliokuwepo unadondoka, damu inaonekana, roho inatulia. Yai halikupevuka hapo pia. Hiyo nayo si hedhi unayoifikiria.

Damu inayojikusanya kweli ninaijua. Ni binti wa miaka 14 au 15, matiti yameshaota, hajawahi kuvunja ungo, na kila mwezi tumbo la chini linamkata siku kadhaa kisha linaachia. Huyo mlango wa uke umezibwa na ngozi nyembamba tangu kuzaliwa. Damu inatengenezwa na haina pa kutokea. Anapasuliwa kidogo, inatoka nzito na nyeusi, anapona. Nalitaja hili kwa sababu damu ikijikusanya inauma, na hutasubiri wifi aje kukuambia.

Ningeuacha uvumi huu upite kama usingekuwa na gharama. Mtu anaacha sindano, ananunua dawa ya kusafisha kizazi, nyingine ni ya kuweka ukeni, anarudi na vidonda. Au anaacha sindano na kukaa bila njia yoyote akisema "siku zangu hazijarudi, siwezi kushika mimba". Anaweza. Yai hutangulia, damu hufuata kama wiki mbili baadaye. Yai la kwanza likikutana na mbegu, hiyo damu huioni, unaona mimba. Upande wa pili yupo aliyeacha miezi 5 iliyopita na ameshajitangaza tasa. Kwa sindano, mimba huchukua kwa wastani kama miezi 10 tangu uchomwe ya mwisho. Wengine mapema, wengine baadaye sana. Kijiti, vidonge na kitanzi havina ucheleweshaji huo. Unataka mtoto mwakani? Usichague sindano.

Sasa yale tunayoyasema kwa kujiamini kuliko tunavyostahili. "Matone ya damu yatatulia baada ya miezi 3." Kwa wengi, ndiyo. Kwa wengine wa kijiti hayatulii mpaka kitoke, na sina namna ya kukuambia siku ya kukuweka utakuwa kundi lipi. Ibuprofeni ya siku 5 inasaidia wengine kuikata damu, lakini mara nyingi ikiisha damu inarudi. Uzito: wastani wa sindano ni kilo 1 hadi 2 kwa mwaka, ila wastani huo unamficha mama aliyeongezeka kilo 8, na huyo si mwongo wala hali chipsi kwa siri. Hamu ya tendo na kununa bila sababu, utafiti unavutana. Mimi namsikiliza aliye mbele yangu na tunabadilisha njia. Ukisema umechoka na kijiti, hiyo inatosha kukitoa. Asikulazimishe mtu ukimalizie miaka.

Kwa daktari uende lini? Usiende kwa kukosa siku kama sindano zako hazijachelewa. Ukichelewa zaidi ya wiki 4 kupita tarehe, pima mimba kwanza. Nenda siku hiyohiyo ukilowesha pedi 2 kwa saa na hali ikaendelea saa ya pili, au tumbo la chini likikuuma vikali upande mmoja huku unajisikia una mimba. Hiyo inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Kwa wa majira: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana na pumzi kukata, kichwa kikali kinachokuja na kuona vimulimuli au ganzi upande mmoja. Acha vidonge, nenda, usingoje asubuhi. Macho kuwa ya njano, nenda pia. Kijiti kikitoa usaha, au ukipapasa mkono hukigusi, njoo. Na damu baada ya tendo usiisingizie sindano: omba kupimwa mlango wa kizazi, hata kama una miaka 30.

Jambo moja halijadiliwi kliniki ya kutosha, nalo ni dawa nyingine unazomeza. Rifampisini ya TB na karbamazepini ya kifafa zinapunguza nguvu ya kijiti na vidonge. Sindano ya miezi 3 haiathiriki nazo. Nimewaona waliobeba mimba na kijiti mkononi kwa sababu kadi ya TB ilibaki kwenye pochi, hakuna aliyeiuliza. Nikisahau kukuuliza, itoe mwenyewe uiweke mezani kabla sijakupiga ganzi.